Farasi Aliyepokelewa Kama Ng'ombe

Mwaka ule tulikula mahindi ya njano. Ukimwambia mtu wa umri wangu huku kwetu Daudi, juu Mbulu, "mwaka wa mahindi ya njano," hakuulizi ni mwaka gani, anakunja pua tu. Yalikuja kwa lori, ya msaada, mvua ya mwaka wa nyuma ilipotukataa. Ugali wake ulinuka gunia, na ukipoa ulikatika vipande kama tofali bichi. Tuliula kwa mnafu uliochemshwa bila chumvi, na siku ya bahati kwa maziwa ya mgando. Wazee walisema huko yalikotoka ni chakula cha mifugo. Kama ni kweli sijui. Ninachojua ni kwamba nyumbani kwa baba yangu mfugo aliyala kabla yangu, na mfugo huyo hakuwa ng'ombe wala mbuzi wala punda. Alikuwa farasi wa mashindano, wa mtu mwingine, na sisi ndio tuliomlisha.

Sikuwa na mpango wa kuandika habari hizi. Shule yangu ni fupi, na mkono wangu umezoea jembe kuliko kalamu. Lakini mwezi uliopita tulimzika Bwana Matle kule Hanang, upande wa Gitting, na mimi nikaenda, maana maziko hayasusiwi. Nimekaa chini ya turubai na kina mama wenzangu, nina sahani ya wali na nyama mapajani, mtoto mkubwa wa marehemu akashika kipaza sauti kusoma wasifu. Akasoma kuzaliwa, akasoma ubatizo, akasoma kazi. Alipofika kwenye farasi akainua sauti. "Marehemu baba," akasema, "ndiye mtu wetu wa kwanza huku kushindana kwa farasi na wazungu wenye mashamba, na akawashinda. Farasi wake, Jemedari, alimgharamia yeye mwenyewe kwa jasho lake." Kikombe kilikuwa mezani kando ya picha, kimesuguliwa kinang'aa. Watu wakapiga makofi, msibani! Mimi mfupa ukanikwama mkononi. "Jasho la nani?" nikasema, na sauti yangu siku zote huwa haijui kunong'ona. Mwenzangu akanifinya paja. "Mama Yohana, tuko kwenye msiba." Basi nikanyamaza. Kule nilinyamaza kwa ajili ya marehemu, Mungu amrehemu. Hapa sinyamazi kwa ajili ya mtu yeyote, maana mama yangu naye ni marehemu, na wasifu wake uliposomwa hakuna aliyemtaja farasi.

Kwa asiyetujua nieleze kwanza. Kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizini kwake. Anampeleka mmoja kwa rafiki huku, wawili kwa mwingine kule, ili ugonjwa ukija usiwamalize kwa siku moja. Anayepokea anatunza. Maziwa ni yake, samadi ni yake, na ng'ombe akishazaa mara kadhaa, mwenye mali akiwa muungwana anamwachia ndama jike. Mtunzaji hadai ujira wala hadai malisho. Kuletewa mnyama ni heshima, maana yake watu wamekaa wakasema mikono yako ni safi. Kumkataa mnyama aliyeletwa mlangoni ni kumtemea mate aliyemleta. Mila hii ni nzuri. Mimi mwenyewe ninapoandika hapa nina ng'ombe watatu wa watu, waulizeni wenyewe kama wanakonda. Lakini ni mila ya ng'ombe. Waliotuachia hawakumfikiria farasi dume, tena aliyehasiwa.

Matle alikuwa nyapara kwenye mashamba makubwa ya ngano kule tambarare. Mzungu mmoja alipofunga safari kurudi kwao, Matle akamnunua farasi wake. Kumnunua ilikuwa sehemu rahisi, baadaye nilikuja kuelewa. Mvua zikianza, kule chini farasi hupata homa na kufa, ilhali huku juu kwenye baridi na ukungu wanapona. Basi Matle akapiga hesabu zake. Akipanga banda kwa mtu atalipa, akimwajiri mtu atalipa. Lakini akimleta kwa mila, halipi hata senti. Akapanda mlima na vijana wawili, kopo la asali, na huyo mnyama mwekundu amevaa kamba mpya. Akasimama uani kwetu, akavua kofia, akasema maneno yote kama inavyotakiwa. "Kaka, nimekuletea mnyama. Mtunze kama ng'ombe wangu, awe kama ng'ombe wako." Baba yangu alikuwa na ng'ombe wawili tu mwaka ule, mmoja wa maziwa anaitwa Madoa na ndama wake dume. Hakuna mtu mkubwa aliyewahi kumletea mnyama. Nilimwona akisogea. Akaweka kiganja shingoni mwa farasi akasema, "Umefika." Likawa limekwisha. Jirani yetu Bibi Hhawu, kikongwe ambaye hakumwogopa mtu, akainama na fimbo yake akachungulia chini ya tumbo. "Matle," akasema, "mbona sioni chuchu?" Watu wakacheka. Matle naye akacheka. "Bibi, huyu hatoi maziwa, anatoa sifa." Bibi Hhawu akainuka taratibu, akamgeukia mama. "Haya mwanangu, utakoroga sifa kwenye ugali."

Nyumba yetu ilikuwa ya zamani, ya udongo na miti, chumba kimoja kirefu. Upande mmoja walilala ng'ombe, wakitengwa na sisi kwa fito tu, na juu yao kulikuwa na dari la miti ambako mimi na mdogo wangu Yasinta tulilala. Wasichana wa leo nikiwaambia wanaziba pua. Wazibe. Pumzi ya ng'ombe ilipanda kupitia kwenye miti ikatupasha joto kuliko blanketi lolote, na moto wa mama ukiwaka katikati ya nyumba hukusikia baridi ya Daudi hata kidogo. Baba akaamua kwamba mnyama aliyeletwa kama ng'ombe atalala wanakolala ng'ombe. Farasi akaingizwa, kichwa kikagonga dari. Baba akachukua shoka akakata dari, upande wangu. Mimi na Yasinta tukashushwa kwenye kona ya vibuyu, chini, kwenye ubaridi. Siku ya tatu Matle akatuma neno kwamba farasi hulala amefunikwa. Mna blanketi? Tulikuwa na moja la kijivu, letu sisi wawili. Kesho yake lilikuwa mgongoni mwa Jemedari, limefungwa kwa kamba chini ya tumbo, na Yasinta, mtoto wa miaka mitatu, anamnyooshea kidole na kulia, "Langu! Langu!"

Halafu farasi akaanza kukohoa. Farasi akikohoa ni kama mtu anapasua kuni ndani ya gunia. Ng'ombe wetu walizaliwa kwenye moshi, moshi ulikuwa dawa yao ya kupe na nzi. Huyu alikohoa usiku na mchana, machozi yanamtiririka. Matle alipokuja kumwangalia alinusa hewa akasema, "Kaka, moshi utaniulia mnyama. Moto utoke nje." Alisema hivyo amekaa kwenye kigoda cha mama, akinywa uji wa mama, uliopikwa kwenye moto huo huo. Na moto ukatoka. Baba akamjengea mama kibanda cha mabua kando ya ukuta, na miezi mitatu ya mvua mama yangu, mwenye nyumba, alipika nje. Daudi mvua haidondoki, inakuja pembeni. Ninamwona hadi leo amejifunika gunia kichwani, anapuliza kuni mbichi, kitenge kimeloana hadi magotini, na kule ndani kwenye ukavu farasi wa Matle anatafuna. Hii ndiyo gharama ya farasi ambayo haikusomwa kwenye kipaza sauti. Wanazungumzia bei ya kununua, bei ya tandiko, bei ya dawa. Nani aliwahi kuandika bei ya mwanamke aliyetolewa kwenye moto wake?

Na alikula nini? Ng'ombe unampeleka malishoni anajitafutia. Huyu alihitaji majani mabichi laini, yaliyokatwa, yasiyo na umande, la sivyo tumbo linamuuma. Pumba asubuhi, mahindi kidogo jioni, chumvi, maji safi ndoo mbili ambazo punda hajaingiza mdomo. Chumvi! Sisi mnafu wetu ulichemshwa bila chumvi. Kazi hiyo ikawa yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na miguu ya kukimbia. Nilikuwa na miaka kumi na minne, darasa la sita. Alfajiri majani, halafu maji, halafu kusugua manyoya, halafu kufagia chini yake, na jua likiwa limepanda ndipo nilikumbuka shule. Mwalimu alinichapa kwa kuchelewa wiki ya kwanza. Wiki ya pili aliniuliza sababu, nikamwambia, darasa zima likacheka hadi naye akacheka. Wiki ya tatu sikwenda. Kisimani wasichana wenzangu walinipisha kwenye foleni kwa kejeli wakipiga magoti: "Shikamoo, mama farasi!" "Bwana harusi ameamka salama?" Nilimpiga mmoja kwa kata ya maji, ikapasuka, na mama akalazimika kuwapa wenyewe nyingine mpya. Hata samadi haikutufaa. Ya ng'ombe unasiribia sakafu inalala kama ngozi. Ya farasi ni majani tu yaliyopitia tumboni. Mama aliijaribu, sakafu ikabanduka kabla ya Jumapili.

Sikumchukia. Nikisema nilimchukia nitakuwa mwongo, na mimi uongo siandiki. Alikuwa mnyama mzuri, rangi ya udongo wa mto, na alijua mwendo wangu. Nikitokea na mzigo wa majani alitoa sauti ya chini puani, akaniwekea pua begani, laini na ya moto. Hakuna mtu mwingine nyumbani aliyenisalimia namna ile mwaka ule. Yeye hakuomba kuletwa. Hasira yangu haijawahi kuwa kwa mnyama.

Siku moja alivunja fito, akaingiza kichwa kwenye gunia la mahindi ya njano, akala posho yetu ya nusu mwezi. Kufika mchana alikuwa anajigalagaza uani, tumbo ngoma. Baba alikimbia hadi mjini Mbulu akarudi na bwana mifugo, kijana mpole mwenye buti. Akamzunguka farasi mara mbili, kwa mbali. "Mzee," akasema, "mimi ni wa ng'ombe. Farasi tulimsoma, lakini ilikuwa ukurasa mmoja." Hata hivyo alimnywesha mafuta na dawa, akatuambia tumtembeze bila kusimama. Tulimtembeza, mimi na baba, tukipokezana, hadi kesho yake. Akapona. Dawa ililipwa kwa ndama wa Madoa. Posho iliyoliwa haikurudi, na nusu mwezi ule tulikula mnafu mtupu, bila ugali, kama sungura. Baba hakumtumia Matle neno. Ng'ombe wa kupewa akiugua, mtunzaji anahangaika mwenyewe, ndiyo mila. Ukidai, umetangaza kwamba wewe ni fukara usiyefaa kuletewa kitu.

Siku zile Bibi Hhawu alikuja kumsaidia mama kuchambua mboga pale kwenye kibanda cha mabua, na mimi, Pelagia wao, nilikuwa nyuma ya ukuta nafagia. "Mwambie mumeo amrudishe," Bibi Hhawu alisema. "Nimwambie nini, mama? Tangu mnyama huyu aje, wanaume wanakuja kukaa hapa. Wanamwita mzee wa farasi. Jana walikuwa sita, wamemaliza pombe ya mwezi." "Na wewe wanakuitaje?" Mama akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Mimi hawajaniona. Niko nje." Wakachambua. Kisha mama akasema kwa sauti nyingine, "Matle anataka mwakani alete wawili. Baba Pelagia anasema itabidi kujenga banda, na banda ni mabati na mbao. Anasema Madoa ataenda mnadani." "Na mtoto?" "Anasema labda wakishinda hatutahitaji kumuuza." Sikusikia zaidi. Fagio lilinikatikia mkononi. Yasinta ugali wa njano ulikuwa haukai tumboni mwake, tangu mwaka uanze aliishi kwa kikombe cha Madoa, asubuhi kimoja na jioni kimoja. Bila Madoa ningemzika mdogo wangu. Hilo sikuhitaji darasa la saba kulijua.

Mvua zilipokatika tukashuka naye kwenda mashindanoni. Kwanza viatu: fundi wa chuma kutoka kwa Wabarabaig kule tambarare alikuja kumfulia, kwa kukisia, maana hajawahi kufua kiatu cha mnyama, akaondoka na beberu wetu. Kisha safari, siku tatu, kupitia Dongobesh, na hakuna aliyempanda, maana farasi wa mashindano hachoshwi. Baba alitembea, mimi nilitembea, na Jemedari alitembea. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na viatu. Tulikula viazi vitamu baridi alivyotufungia mama, na njiani baba alizungumza kuliko nilivyowahi kumsikia. Alikuwa amelifikiria jambo lote kwa mila, hatua kwa hatua, kama mtu anayejenga ukuta. "Ng'ombe anatoa maziwa, maziwa ni ya mtunzaji. Sawa?" "Sawa, baba." "Huyu hatoi maziwa. Anatoa nini? Anatoa ushindi. Basi zawadi ya ushindi ndiyo maziwa yake. Mwili wake ni wa Matle, sina neno na mwili. Lakini maziwa ni yangu. Matle ni mtu wa mila, aliniletea kwa mila, ataona." Nilimwamini. Na hadi leo, baada ya kusikia mabaraza mengi na wanasheria wawili watatu wa redioni, sijasikia hoja iliyonyooka kama ile.

Kule shambani ngano ilikuwa imeshavunwa, mabua yamebaki mafupi, uwanja mkubwa hadi macho yanachoka, na mlima Hanang umesimama nyuma kama mtu anayetazama. Wazungu walikaa kwenye viti vya kukunja, wanamimina chai kutoka kwenye chupa. Farasi walikuwa watano. Niliwaangalia wale wanne wengine nikaona jambo: kila mmoja alikuwa na watu wake, huyu wa kushika ndoo, huyu wa kusugua miguu, na watu hao walikuwa na sare na walikuwa wameshiba. Nikamuuliza mmoja, kijana wa Kibarabaig, "Wanakulipa?" Akanitazama kama nimeuliza kama jua ni la moto. "Kila mwisho wa mwezi. Wewe hawakulipi?" Nikamwambia, "Sisi tumepewa." Akatikisa kichwa akasogea, kana kwamba ujinga unaambukiza.

Jemedari aliziogopa bendera. Alizunguka, alipiga mateke, Matle akiwa juu na jasho linamtoka, hilo jasho lilikuwa lake kweli. Wakaniita. Nilimshika hatamu, nikampulizia puani kama tulivyozoea, nikamtembeza hadi kwenye mstari. Wakaachiwa. Walizunguka uwanja mara mbili, na sitasema uongo, nilipiga kelele hadi koo likakauka. Alipita wa tatu, akapita wa pili, na pale mwisho alinyoosha shingo kama anataka kunywa, akamwacha yule wa mbele kwa kichwa. Baba alikuwa amevua kofia anaipiga pajani. Wakampa Matle kikombe, na pamoja na kikombe mtamba mweusi mwenye mimba, amevishwa utepe. Mtamba mwenye mimba! Baba alinitazama. Tuliona kitu kile kile wote wawili: huyo mtamba kwenye kona yetu, kando ya Madoa.

Mchana wakakaa wanaume wetu kwenye kivuli cha ghala, kama kumi na wawili, na mtungi. Mbuzi alichinjwa. Mimi nilikuwa nyuma kidogo nimemshika farasi, maana hakuna aliyenipokea kamba. Baba akasimama, akaongea kama wanavyoongea wazee wetu, kwa kuzunguka: akashukuru mvua, akashukuru njia, akashukuru mkono uliomleta mnyama. Kisha akaweka hoja yake, ile ile ya njiani, kwa upole, bila kudai, akaishia kwa kusema, "Kwa hiyo ndugu yangu, mimi naona maziwa ya mnyama huyu leo yameonekana." Wazee wawili walianza kutikisa vichwa kukubali, niliwaona kwa macho yangu. Matle akafuta mdomo. "Kaka," akasema, "umenena vizuri. Mila inasema mtunzaji hupata maziwa na samadi. Sasa farasi hana maziwa, hata Bibi Hhawu alichungulia." Akaangalia watu. "Lakini samadi umepata. Sikukudai."

Walicheka. Hata wale wazee wawili. Mmoja alimwaga pombe. Baba yangu alibaki amesimama, kofia mkononi, anatabasamu. Tabasamu lile ndilo lililonifanya niwe mtu niliye leo. Nimeona watu wakilia, nimeona watu wakifa, sijaona kitu kibaya kama baba akitabasamu pale. Aliketi. Matle akamwekea mkono begani, akampa paja la mbuzi, akasema kwa sauti ya undugu, "Usijali, kaka. Mvua zikianza namrudisha. Na mwenzake nimeshampata, watakuja wawili. Jenga banda zuri." Na nikamwona baba anafungua mdomo. Nilijua kitakachotoka. Kingetoka "karibu," kwa kuwa mila haimwachii mtu neno lingine, na kwa neno hilo moja Madoa angekuwa ameshauzwa, na Yasinta amekunywa kikombe chake cha mwisho. Msichana ambaye hajaolewa haongei kwenye kikao cha wanaume. Siku hiyo sikuingia kwenye kikao. Nilipita katikati yake, nikamwekea Matle kamba ya farasi mapajani, juu ya nyama.

"Harudi kwetu," nikasema. "Majani sikati, maji siteki, na mlango sifungui."

Hakuna aliyecheka. Farasi alipiga kwato moja chini. Baba alisema jina langu, "Pelagia," polepole, kama mtu anayejaribu kama bado ni jina. Mzee mmoja akasema, "Binti huyu ni mgonjwa, jua limempiga." Mwingine akasema, "Siyo jua. Huyo ni mama yake anayeongea." Matle aliondoa kamba kwenye nyama kwa vidole viwili, akaiweka chini, akanitazama kutoka miguuni, ambako hakukuwa na viatu, hadi kichwani. Hakukasirika. Mtu mkubwa hakasirikii mtoto mbele ya watu, anamrudisha mahali pake.

"Binti," akasema, "kwenu hamfundishwi kuamkia?"

Nikapiga goti. "Shikamoo."

"Marahaba. Vizuri. Sasa simama, uwaambie wazee tena, kwa adabu, ulikuwa unasemaje."

Nikasimama.

"Harudi kwetu. Majani sikati, maji siteki, na mlango sifungui."